Tumbo la Upande wa Kushoto

6 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua kalamu yako ni nzito kuliko hata ulimi wako. Huku tuko salama. Paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda changu limezibwa. Fundi alikuja siku mbili, akanywa chai siku zote mbili na kupiga misumari siku moja. Binamu yako mwalimu amehamishiwa shule ya karibu, sasa anakula kwangu na kulala kwake. Miguu yangu inalalamika, lakini juzi nilipokea mapacha na wote wawili walilia vizuri, kwa hiyo mikono bado haijazeeka.

Sasa nikuulize, na usinizungushe. Yule mchuuzi wa vitambaa anayepita huko kwenu kila mwezi jana alipita kwangu. Anasema alikuona unatoka kazini, umevaa gauni pana, umeshika kiuno, tumbo mbele. "Hongera, Mamdogo," ananiambia, "unakuwa bibi." Nilikaa chini bila kutafuta kiti.

Ni kweli? Una miaka arobaini na tatu. Tangu ndoa yako ivunjike kwa sababu ya mtoto ambaye hakuja, sijakuuliza habari hizo. Hata mwaka juzi ulipopasuliwa ukanikataza nisije, sikuuliza. Uliniandikia mistari minne: utumbo ulijisokota, wameukata, wameshona, nimepona. Nikanyamaza. Lakini mimi ni mkunga, nimeshika vichwa vya nusu ya watoto wa mji huu, halafu habari za wa kwangu niletewe na mchuuzi! Baba mtoto ni nani? Siulizi ili nikugombeze. Mama yako alipokufa nilikuchukua ukiwa na meno mawili mdomoni. Niambie tu.

Na usipige simu. Kwenye simu unajibu "ndiyo" na "hapana" mpaka salio linaisha. Andika.

Mamdogo wako


1 Machi

Shikamoo Mamdogo,

Barua yako ilifika Jumanne. Nimetembea nayo siku tatu kwenye mfuko wa aproni, imelowa mvuke mpaka wino umetanda kidogo, lakini bado inasomeka. Msalimie binamu, mwambie nyumba ya kula na nyumba ya kulala zikitofautiana sana mtu huota akiwa njiani. Mimi ni mzima. Chumba ni kilekile, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama madirisha ya watu.

Kazini mashine kubwa ya kukaushia imekufa, kwa hiyo mashuka yote ya hoteli tunayaanika juu ya paa. Ukipita katikati yake asubuhi hujui uko wapi. Kila upande ni mweupe. Jua linapenya kitambaani kama linavyopenya kope zilizofumbwa, na sauti za wenzako zinakuja kutoka mbali, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya usingizi wako.

Alichokiona mchuuzi kipo. Tumbo lilianza kujitokeza mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, upande wa kushoto. Wa kwanza kuliona ni mwenzangu mpiga pasi, tunamwita Pasi kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake. Nilikuwa nimenyanyua kapu la mashuka mabichi, akaninyang'anya. "Una wazimu? Na hali hiyo?" Akaniminya shavu. Tangu siku ile sijanyanyua kitu. Msimamizi amenihamishia meza ya kukunja, nakunja foronya na taulo nimeketi. Dukani wananipisha mbele. Vijana nisiowajua wananiita mama.

Hujui neno hilo linavyoingia mwilini, Mamdogo. Au unajua.

Jioni nakaa dirishani, naweka kiganja juu yake. Ni joto. Linajongea kidogo. Nikilala chali nalo hulala, linatoweka kabisa, tumbo linakuwa bapa kama shuka lililotandikwa. Nikisimama linaamka. Wakati mwingine nasinzia palepale kitini na kuota nimebeba mtu mwepesi ndani ya kitambaa cheupe, napita katikati ya kamba za nguo, na kamba haziishi.

Uliuliza baba ni nani. Hakuna baba. Nitaeleza. Leo kope ni nzito.

Kimya wako


20 Machi

Mwanangu,

Nimekupokea. Huku ni wazima wote isipokuwa jogoo, ambaye tumemla kwa sababu alikuwa akiwika saa tisa za mchana na kunivurugia usingizi. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani ya binamu yako juu ya yangu.

Nimeanza kufuma. Soksi mbili zimekwisha, za njano. Wanawake wa mtaa wameshajua. Sikuwaambia, waliona uzi.

Sasa nisikilize kama mkunga, uniache kidogo kama mama. Mtoto halali kwa sababu mama yake amelala. Mtoto hatoweki. Mtoto wa umri huo, nikikuwekea kiganja chini ya kitovu, yupo: umelala yupo, umesimama yupo, umepiga magoti yupo. Wala hakai upande mmoja kama mgeni aliyenuna.

Kwa hiyo nijibu haya. Ukikohoa, linaruka? Ni gumu au laini? Limekaa juu ya kovu? Haja unapata?

Swali la baba nimelifuta. Soksi naendelea.

Mamdogo


2 Mei

Shikamoo Mamdogo,

Habari za huku ni mvua. Mashine imetengenezwa, tumerudi chini kwenye mvuke, na Pasi ametolewa jino lakini ulimi wamemwachia. Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara tano. Hii ya sita naiandika haraka ili nisipate nafasi ya kujizuia.

Si mtoto. Umeshajua.

Mwaka juzi utumbo ulipojisokota, kipande chake kilikuwa kimekufa. Daktari alikikata, na mwisho wa utumbo uliobaki akautoa nje, hapa kushoto, chini ya kitovu. Ni tundu, Mamdogo. Jekundu, bichi, kama ndani ya mdomo. Ukiligusa haliumi. Haja kubwa inatokea hapo, wakati inapotaka yenyewe, na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Wanaita kolostomi. Kwanza walisema labda wataurudisha ndani, baadaye wakasema hapana, kilichobaki huku chini ni kifupi mno.

Hilo ndilo lililokosekana kwenye ile mistari minne. Wewe ndiye uliyenifundisha kwenda chooni. Ningekuambiaje kwamba nimeanza upya?

Nilirudi kazini mapema. Shuka bichi ni zito kama mtu aliyezimia. Niliyanyanyua karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu, na siku moja nikasikia kitu kimelegea kando ya tundu, bila maumivu, kama kifungo kinavyoachia. Muuguzi wa kliniki aliniambia nikohoe, akaweka mkono, akasema: ngiri. Misuli imeachana kuzunguka tundu, na utumbo unajisukuma kwenye uwazi huo mpaka chini ya ngozi. Akanipa karatasi ya maelekezo. Sikuisoma, kwa sababu wiki ileile Pasi aliniminya shavu.

Majibu yako ni haya. Nikikohoa linaruka. Ni laini. Kovu liko katikati, lenyewe liko kando. Haja napata, ila kuna siku mbili tatu hakuna kitu, halafu kila kitu kinakuja kwa pamoja. Na mfuko unanitesa. Zamani tumbo lilikuwa bapa, lile bamba la gundi linaloshika mfuko lilikaa siku nne. Sasa ngozi imekuwa kilima, bamba linabanduka pembeni, uchafu unapita chini yake. Ngozi imechubuka, inawaka. Wiki iliyopita ulivuja nikiwa mezani nakunja taulo. Nilisema nimejimwagia blichi, nikakimbilia stoo, nikabadili gauni nyuma ya magodoro.

Sikumdanganya mtu kwa mdomo. Niliacha tu. Walinipisha, nikapita. Lakini sasa wanahesabu kwa vidole. Pasi amesema ni Agosti, na mimi sijui Agosti nitafanya nini.

Kimya


10 Juni

Shikamoo Mamdogo,

Natumaini paa linashika. Hujajibu. Labda barua ilipotea, labda haikupotea.

Nimeota unafua nguo zangu kwenye beseni, umenipa mgongo. Nilikuita na hukugeuka, ila maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Kama umechukia, andika hivyo hivyo. Nitasoma.

Kimya


27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua haikupotea. Nilikuwa na kazi nyingi, watoto watano wamezaliwa mwezi huu, na mvua imeangusha ukuta wa jiko.

Huo ni uongo. Watoto walikuwa wawili, na ukuta umesimama. Nilikuwa nafumua soksi. Sikujua kuwa nilikuwa nimeshampa jina mpaka nilipofika kwenye kisigino. Nikalia. Nilipomaliza nikagundua kuwa nimemlilia yule asiyekuwepo siku nyingi, na wewe uliyepo, uliyekatwa na kushonwa peke yako, sijakulilia hata tone. Nikajionea haya, nikashindwa kushika kalamu. Basi. Tumelisema, tulipitishe.

Kumbe muda wote huu ulikuwa unafuga ngiri mjini! Wenzako wanafuga paka. Na mimi nilidhani ngiri ni mali ya wazee wa kiume wanaotembea miguu imeachana.

Na aibu ya nini? Nimekaa katikati ya damu, maji na kinyesi miaka thelathini na minane. Sijaona hata mtoto mmoja aliyetoka amepigwa pasi.

Nimekwenda hospitali yetu kwa muuguzi anayeshughulika na vidonda na mifuko. Nilimwambia nauliza kwa ajili ya jirani. Akanitazama. Nikasema ni mwanangu. Anasema tundu lako lipime ukiwa umelala, kisha lipime ukiwa umesimama, maana vipimo havilingani. Shimo la bamba ulikate kwa kipimo kile kikubwa. Ukingo wa nje wa bamba uchanje mikato midogo pande zote, ili lijikunje kufuata kilima badala ya kupigana nacho. Uliza kliniki kama wana mabamba laini zaidi. Ngozi ioshe kwa maji matupu, uikaushe kwa kuigusagusa, usisugue. Tafuta mkanda mpana wa kushika tumbo, uuvae ukiwa bado umelala, kabla mnyama hajaamka. Ukikohoa au ukipiga chafya, kandamiza kwa kiganja. Kula kidogo kidogo, kunywa maji, usijikamue. Na kapu la mashuka ni haramu kwako mpaka unaingia kaburini.

Hili libandike mlangoni: siku likiwa gumu, ukalala na lisirudi, likauma, ukatapika, mfuko ukabaki mtupu, au tundu likaanza kuwa jeusi, usinialike kwa barua. Kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Wenzako uwaambie. Mimi wangu nimewaambia. Nilisimama dukani nikasema, "Hakuna mtoto, tulikosea." Mmoja akaniuliza kama nagawa uzi.

Mamdogo wako


5 Agosti

Shikamoo Mamdogo,

Niko hai, nianze na hapo. Mikato ya bamba imefanya kazi, sasa linakaa siku tatu na ngozi imepoa. Mkanda nilishonewa na fundi wa sare za hoteli. Nilimwambia ni wa mgongo. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli tarehe kumi na tano Julai. Kisha nikapanga ishirini. Tumbo likasema kabla yangu.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, tarehe kumi na saba. Nilisikia msokoto mmoja, kisha mwingine. Nikaenda kulala juu ya marundo ya mashuka, nikangoja lirudi ndani. Halikurudi. Niliweka mkono, lilikuwa gumu kama kisigino. Mfuko ulikuwa mtupu tangu jana yake. Mvuke ulikuwa mwingi, taa zinaelea ndani yake kama miezi mingi, na nikawaza, kwa utulivu kabisa, kwamba labda ndivyo mtu anavyoondoka. Ndipo nikatapika, na Pasi akatokea ndani ya ule weupe.

"Uchungu!" akapiga kelele. "Jamani, umeanza! Kabla ya wakati!"

Nilibebwa na watu wanne. Msimamizi mwenyewe alisimamisha teksi. Pasi alinipakata kichwa, akamwambia dereva, "Wodi ya wazazi, na ukikanyaga shimo nitakuua." Gari likaondoka. Alikuwa ananipangusa uso na kuniambia nipumue, nisisukume bado.

Nikasema, "Si mtoto."

"Pumua."

"Pasi. Hakuna mtoto. Ni utumbo. Mwambie anipeleke kwa daktari wa upasuaji."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeongea ndotoni. Nikapandisha gauni, palepale kwenye gari, nikafungua mkanda. Aliona mfuko. Aliona uvimbe. Tundu, kupitia ule mfuko wa nailoni, lilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Aliinama mbele, akamgusa dereva begani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Sio wazazi. Upasuaji. Haraka, kaka yangu."

Daktari alinichoma sindano ya maumivu, akanilaza kichwa chini kidogo, akaweka viganja viwili na kusukuma polepole, polepole, muda mrefu, mpaka kitu kikateleza na kurudi nyumbani kwake. Rangi ikarudi. Alisema ningechelewa saa chache zaidi, wangekata tena. Walinilaza siku tatu. Anasema wanaweza kuishona ngiri na kuweka wavu ndani, lakini mara nyingi hurudi; likikwama tena hakutakuwa na kuchagua. Nikauliza kama mtu anaweza kuishi nalo hivi. Akasema wengi wanaishi. Basi nimechagua kuishi nalo.

Pasi hakuja siku ya kwanza wala ya pili. Ya tatu alikuja, akakaa mbali na kitanda.

"Umenifanya mjinga."

"Ndiyo."

"Ungeniambia ni ngiri, kapu ningekunyanyulia vilevile."

"Ungeninyanyulia siku moja."

"Siku mbili," akasema. Kisha akavuta kiti karibu.

Msimamizi amesoma barua ya daktari mara mbili na kuniacha kwenye meza ya kukunja. Dukani sasa nasubiri zamu yangu. Hakuna anayeniita mama. Nilidhani hilo halitaniuma sana. Linauma.

Kimya wako


22 Agosti

Mwanangu,

Zambarau! Umeliandika neno hilo kama rangi ya kitambaa, na mimi nimetembea nalo kifuani wiki nzima.

Mwaka juzi uliniambia nisije, nikakutii, na kutii kwangu kulikuwa nusu heshima, nusu woga. Niliogopa kukukuta umelala kitanda cha hospitali, kama mama yako alipokufa. Sijawahi kulisema hilo.

Nakuja tarehe mbili. Sijaomba ruhusa. Tafuta godoro.

Mamdogo


14 Oktoba

Shikamoo Mamdogo,

Natumaini ulifika salama na miguu imepumzika. Binamu naye apumzike, mwambie sasa ale kwa raha, mpishi amerudi. Hapa chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Kikombe chako kiko dirishani, sijakiosha.

Nataka kuandika yale niliyoshindwa kuyasema kituoni, maana basi lilikuwa linanguruma na mimi ni mimi.

Asubuhi ile ya kwanza, nilipokuwa nimelala chali na gundi mkononi, uliosha mikono mpaka kwenye viwiko kana kwamba kuna anayezaliwa. Ukainama. Mwanga ulikuwa wa maziwa, ule wa kabla mtaa haujaamka. Ulilitazama tundu muda mrefu, likajikunja na kujikunjua, na wewe ukatikisa kichwa kwa kuridhika, kama unavyowatikisia watoto wa watu. Kisha ukanifunga mkanda kama ulivyokuwa ukinifunga sare ya shule. Nilijisikia nimelala mahali penye maji matulivu, na ninaelea, na uzito wote uko nje.

Picha tuliyopiga siku ya mwisho imetoka. Naiweka humu ndani. Najua utacheka tena.

Unamkumbuka mpiga picha alivyokuwa mtu wa mambo mengi. Alikuketisha kwenye kiti cha mto mwekundu, akanisimamisha nyuma yako, kisha akaja kunizungusha bega. "Mama, geuka kidogo hivi, tumbo lisionekane." Nikamwambia nitasimama nilivyo. Akarudi kwenye mashine yake akasema tutulie, tusipumue, kimya kabisa. Na ndani ya kimya kile, mfuko wangu ukatoa sauti ndefu, ya kupanda na kushuka, kama mlango wa ghala.

Yule maskini alikutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye mzee. Nawe ukakaza uso, ukawa tayari kuibeba aibu hiyo, nilikuona. Ulikuwa tayari kabisa.

"Ni mimi," nikasema.

Hapo ndipo alipobonyeza. Utaona: wewe huna macho, una mdomo tu, kichwa umekitupa nyuma mpaka kimeegemea tumbo langu. Mimi nimetazama mbele moja kwa moja. Gauni limevutika upande wa kushoto, kila kitu kinaonekana.

Nimechapisha mbili. Yangu nimeitundika ukutani.

Mwanao, Kimya